Kwetu Salama Hugongwa

Mume wangu Sarpan alikufa miaka mitatu iliyopita, lakini kentongan yake sasa inaning'inia barazani. Ni gogo la mfenesi, urefu wake kama mtoto anayeanza shule, limechimbwa ndani likaachiwa ufa mmoja wa kutolea sauti. Kwa miaka thelathini alikaa na gogo hilo kwenye kibanda cha juu cha mto. Mlima wetu ni wa moto; ukinyeshewa, mto hauleti maji peke yake. Huleta majivu na tope na mawe makubwa kama ng'ombe, na kule chini kuna watu wanachimba mchanga, wameinamisha migongo, hawaoni kinachokuja.

Vibanda vilikuwa vitatu, cha juu, cha kati na cha darajani. Hatari ina mdundo wake, ule wa haraka usiokatika. Huo hata mtoto anaujua. Lakini salama nayo ina mdundo wake. Unaanza polepole, unaongeza mbio, unapungua mpaka unakaribia kufa, halafu linakuja pigo moja peke yake. Twauita njiwa apaa. Sarpan alikuwa akiugonga kila siku baada ya sala ya alasiri, hata kama jua linawaka na mto umekauka. Mimi jikoni nikiusikia nilijua mambo mawili: mto umelala, na mume wangu mzima.

Mjukuu wangu Wigati, ambaye sote twamwita Gati, alikuja kukaa nami mvua zilipoanza. Alikuwa anamalizia chuo mjini Malang, anasomea kompyuta, na kazi yake ya mwisho ilikuwa kuandika programu ya kuusikiliza mto wetu badala ya wazee waliokwisha kufa. Vipimo vitatu vilifungwa palepale vilipokuwa vibanda. Akifaulu, kampuni moja ya Batam ilikuwa inamngoja. Batam ni kisiwa, kwenda kwake ni ndege. Mama yake Gati, binti yangu, yuko Taiwan mwaka wa tisa huu, anawaogesha wazee wa watu. Kwa hiyo kazi ya Gati ikiisha, mimi nabaki na kuku.

Aliweka kompyuta yake juu ya meza ya kulia, nami nikaketi mkekani kando yake na kazi zangu. Siku moja aliniita. Kwake mimi ni Mbah, bibi, naye kwangu ni nduk, mtoto wa kike.

"Mbah, njoo uone. Nataka nikueleze wewe kwanza. Wewe ukielewa, walimu wataelewa."

"Mimi niliishia darasa la tatu, nduk."

"Ndiyo maana."

Nikasogea. Kwenye kioo mlikuwa na maandishi tu, kama mchwa waliojipanga.

"Humu ndani kuna mpokeaji," alisema. "Ni mmoja. Mbele yake kuna njia tatu za ujumbe, kila kipimo na njia yake. Sasa hawezi kukaa kwenye njia moja akaikodolea macho, maana akingoja ya juu, ya darajani italeta habari asiipokee. Kwa hiyo anazingoja zote kwa mpigo. Yoyote itakayoleta kwanza, anapokea, anashughulikia, anarudi kungoja."

"Na zikileta mbili kwa pamoja?"

"Anaokota moja, kama kura. Nyingine inapata zamu yake baadaye."

"Hana kipenzi."

"Hana kipenzi, Mbah."

"Basi ananishinda. Mimi wali uko motoni, jirani Temu anapiga hodi, simu inalia, nakimbilia simu. Wali unaungua."

"Kwa sababu unadhani ni Mama."

"Na huwa ni mtu amekosea namba."

Akacheka mpaka akaegemea kiti. Nilikuwa sijasikia kicheko ndani ya nyumba ile kwa muda mrefu, nikajikuta natazama ukutani kama ninayetafuta kilikotoka.

"Kuna njia ya nne," akaendelea. "Saa. Kila mara mpokeaji anaporudi kungoja, saa inaanza kuhesabu upya. Ikipita dakika nzima hakuna njia iliyoleta kitu, saa yenyewe inamletea ujumbe: kimya kimezidi. Hapo kengele inalia."

"Hiyo nzuri. Kimya kibaya kuliko kelele."

"Ila hailii, Mbah." Akashusha pumzi. "Nikivisimamisha vipimo visitume, kengele inalia vizuri. Nikivizima kabisa, hailii. Na siku ya mtihani watavizima. Wiki ya pili hii natafuta kosa. Siwezi kwenda popote na kitu hiki."

Nilimwambia pole, nikarudi kwenye mkeka wangu. Moyoni, Mungu anisamehe, sikuwa na pole.

Gati akifanya kazi huziba masikio kwa spika zake ndogo, anasikiliza muziki. Mimi sina cha kuziba. Nimeishi miaka thelathini masikio yangu yakiwa juu mtoni. Jumatatu asubuhi nilikuwa nafunga tempe, soya ya kuchachusha, kwenye majani ya mgomba, naye anajaribu na kujaribu tena. Anavisimamisha vipimo, dakika inapita, kengele inalia. Anavizima, hakuna kitu. Lakini mimi nilikuwa nasikia kitu. Kila akivizima, ile feni ndogo ndani ya kompyuta inaanza kuvuma. Akiviwasha tena, inatulia. Akivisimamisha, inabaki imetulia. Akivizima, inavuma.

Alipokwenda kuoga niliweka kiganja juu ya ile mashine. Ilikuwa ya moto kama tumbo la mtoto mwenye homa.

Nikajiambia, huyu mtu wa ndani ameambiwa angoje. Anayengoja ametulia. Huyu anahema. Huyu anapewa kitu mikononi, tena na tena, hana hata nafasi ya kukaa.

Nilijua kwamba kosa liko hapo. Sikujua ni nini, lakini nilijua mahali pake, kama unavyojua bati linalovuja. Gati akatoka bafuni, nywele zinachuruzika, akauliza, "Mbah, kuna kahawa?" Nikasema ipo. Sikusema kingine.

Jumanne sikusema. Jumatano nikampikia pecel ya mboga, mchuzi wa karanga nikautwanga kwa mkono kama anavyopenda, akala sahani mbili, sikusema. Kila siku ambayo hakuliona kosa ilikuwa siku nyingine ya kuweka sahani mbili mezani.

Alhamisi jirani yangu Temu alikuja kuomba mchaichai. Temu ni mdogo kwangu, ananiita Yu, dada mkubwa, lakini ulimi wake haujawahi kuwa mdogo.

"Yu Nah, mjukuu wako bado yupo? Mimi nilidhani ameshakwenda zake. Kumbe ameolewa na meza."

"Mwache mtoto. Kazi bado."

"Kazi bado, au wewe ndiye bado?"

"Chukua mchaichai wako uende, Temu."

"Naenda. Kasdi anarudi mtoni na njaa." Akasimama mlangoni. "Hicho chombo chake kikianza, Kasdi anasema wataacha kumweka mtu wa kutazama mlima. Kila mtu atachimba. Wanangojea kwa hamu."

Aliondoka na mchaichai wake. Kasdi ni mume wake. Anachimba mchanga chini ya daraja, siku zote katikati kabisa ya mto, maana ndiko kwenye mchanga mzuri.

Ijumaa baada ya chakula cha mchana Gati aliifunga kompyuta kwa kofi.

"Basi. Nitawapelekea hivi hivi."

"Hivi vipi?"

"Nitamwomba mwalimu siku ya mtihani tuvisimamishe, tusivizime. Nitasema vikizimwa vinaharibika. Kengele italia, watapiga makofi, nitaondoka."

"Na siku radi ikivizima vyote?"

"Mbah, radi itapiga vyote vitatu mara ngapi?"

Alikuwa amechoka. Chini ya macho palikuwa peusi. Sikumlaumu kwa kusema vile, mimi niliyemfikisha hapo. Nilitazama nje, mlima umejifunika mawingu mpaka kiunoni, na huko bondeni zilikuwa zinasikika koleo za watu.

"Fungua hiyo kompyuta," nikasema. "Na hizo spika, vua."

"Mbah, tafadhali. Nimechoka."

"Vua, nduk. Sasa visimamishe vipimo. Usiongee. Sikiliza."

Palikuwa kimya. Kuku mmoja alikuwa anakwaruza chini ya dirisha.

"Sasa vizime."

Feni ikaanza kuvuma.

"Ni feni tu hiyo, Mbah. Inapooza mashine."

"Inapooza nini, kama mashine inangoja? Weka mkono hapa. Huyu mtu wako ulisema anangoja. Anayengoja hahemi hivi. Huyu anapokea. Anapokea nini?"

Alivuta kompyuta karibu yake. Kisha akaanza kupiga vitufe haraka haraka, na mara kioo kikajaa. Zilikuwa sufuri, sufuri, sufuri, zinashuka kama mvua kwenye paa, macho yangu hayakuweza kuzifuata.

"Ya Allah," alisema polepole. "Anapokea sufuri."

"Kutoka kwa nani? Si umevizima?"

"Ndiyo maana. Mbah, njia ikisimama tu, iko kimya, mpokeaji anangoja. Lakini njia ikifungwa kabisa, haikai kimya. Inakuwa tayari wakati wote. Kila akiiendea inampa kitu hapo hapo, ila kitupu. Sufuri. Anapokea, anarudi, anapewa tena. Mara milioni."

"Na saa?"

"Saa inaanza upya kila akipokea. Haiwezi kufika dakika. Haifiki hata popote." Alijishika kichwa. "Na mimi nilimwambia sufuri maana yake mto hauna maji. Salama. Na salama nikamwambia asiiandike kwenye kioo, kwa sababu inajaza bure."

"Nani alikufundisha kwamba salama haina haja ya kuonekana?"

Nikaelekeza kidole barazani.

"Babu yako alikuwa anatembea mpaka kule juu, goti limevimba, jua linawaka, mto una maji ya kufikia kifundo cha mguu. Kwenda kugonga nini? Kugonga kwamba hakuna kitu. Kwetu salama hugongwa, nduk. Isipogongwa tulikuwa tunapanda kwenda kumtazama. Wewe umefanya utupu na salama kuwa kitu kimoja."

Gati aliligeukia lile gogo la barazani, akalitazama kwa muda. Alikuwa amekua akilisikia. Halafu akanigeukia mimi.

"Mbah, feni uliisikia lini?"

Ningeweza kusema leo.

"Jumatatu."

"Leo Ijumaa."

"Najua."

"Kwa nini..."

"Nilitaka ule nami siku chache zaidi."

Hakunikemea. Heri angenikemea. Aliinuka, akakusanya vyombo vya mchana, akaenda kuviosha. Sahani mbili zile alizikosha muda ambao mtu angeweza kukosha vyombo vya arusi.

Kulirekebisha kosa hakukumchukua hata saa moja. Alinieleza, lakini kwa sauti ya chini: mpokeaji sasa anapoletewa kitu huuliza kwanza kama njia bado ina mtu upande wa pili. Ikiwa haina, anaiondoa mbele yake, haitazami tena. Njia zote zikiondoka anabaki na saa peke yake, na saa inapata nafasi ya kufika dakika yake. Halafu akaongeza jambo ambalo halikuwemo. Kila kipimo alikipa njiwa wake. Kila baada ya dakika kumi, mbali na namba zake za kawaida, kinatuma neno, nipo, mto umelala; na kila kimoja kina saa yake ya kukilinda. Kimoja kikikosa kutuma, kengele inalia hata kama vingine vinaongea.

Walimu walikuja wakavizima, na kengele ikalia mpaka mbwa wa Temu akaanza kubweka. Wiki mbili baadaye Gati aliondoka.

Kabla hajaondoka aliniwekea kitu kwenye simu. Alirekodi kentongan, pigo moja moja, kwa kijiti cha babu yake; akigusa simu yake, pigo lasikika kwenye yangu.

"Kila saa kumi na moja jioni, Mbah, nitakugongea njiwa apaa kutoka Batam. Wewe ukisikia, gusa hapa, na mimi nitajua uko salama. Ikipita saa nzima hujagusa, simu yangu italia kengele."

"Umenifanya kibanda cha mto."

"Cha juu kabisa," akasema, akanibusu mkono.

Basi. Nyumba ikarudi ilivyokuwa. Nilipika wali kwa mkono wa zamani, kikombe kimoja, siku za mwanzo nikasahau nikapika viwili, cha pili wakala kuku. Meza ya kulia niliifuta, nikaitandika kitambaa, sikulia tena hapo. Mtu mmoja anakula vizuri tu mkekani. Lakini ikifika saa kumi na moja simu iligonga. Tok. Tok. Tok, tok, toktoktok, mpaka lile pigo la mwisho peke yake. Nagusa kioo. Nakaa nimeshika simu kidogo, halafu naiweka chini.

Mwezi wa kwanza nilifurahi. Wa pili nikaanza kusikiliza.

Sarpan hakuwahi kugonga siku mbili zikafanana. Akiwa amelala mchana, alichelewa. Bega likimuuma, katikati pale kwenye mbio alikwama. Siku tuliyogombana kwa ajili ya mbuzi, aligonga kwa hasira mpaka jirani akaniuliza nimemfanya nini. Hata mwaka ule wa mwisho niliweza kujua kutoka jikoni kwamba pumzi yake imepungua, kabla yeye mwenyewe hajaniambia.

Huyu wa kwenye simu alikuja saa kumi na moja kamili. Hakuzidisha, hakupunguza. Jana kama leo. Siku ya Idi, saa kumi na moja kamili. Siku ambayo Temu aliniambia kwenye habari wamesema Batam imekatika umeme na watu wanahangaika, saa kumi na moja kamili, mbio zile zile, pigo la mwisho lile lile.

"Angalau wako anakukumbuka kila siku," Temu aliniambia. "Wangu aliyeko Kalimantan, nikifa atasikia kwa watalii."

"Ananikumbuka," nikasema.

Lakini nilikuwa nimeshaelewa. Mjukuu wangu hakuwa anagonga. Alikuwa ameweka kitu kinachogonga. Na mimi kila siku napokea, nagusa, narudi kungoja, na saa yangu inaanza upya. Miezi miwili sikuwahi kukaa kimya kwa muda wa kutosha hata nikajua kwamba sisikii chochote.

Siku ya Jumapili ilipogonga sikuigusa. Niliiweka simu juu ya kitambaa cha meza ya kulia, nikavuta kiti alichokuwa anakalia Gati, nikakaa. Niliwatazama kuku wakiingia bandani mmoja mmoja. Niliwaza, isije ikawa na ile kengele yake ameipa mashine nyingine iipokee.

Saa kumi na mbili kasoro dakika mbili. Kasoro moja. Kamili. Simu ikalia.

"Mbah! Mbah, uko wapi? Umeanguka?"

"Nimekaa."

"Mbona hujagusa? Mimi niko ngazini huku nimeacha viatu, nimempigia Mbah Temu hapokei..."

"Temu yuko arusini, amevaa kilemba kama mnara. Wewe uligonga?"

"Niligonga, Mbah. Saa kumi na moja."

"Wewe, au mashine?"

Nilimsikia anahema. Nyuma yake watu walikuwa wanashuka ngazi, wanacheka.

"Kazi zilikuwa nyingi," akasema mwishowe. "Wiki ya pili tu nilisahau mara moja, nikaogopa sana. Nikaiwekea igonge yenyewe. Ili nisisahau."

"Basi ndiyo umesahau vizuri."

"Mbah..."

"Sikugombezi. Mimi nilikuficha siku tano, wewe umenificha miezi miwili, nani amgombeze mwenziwe? Sikiliza. Siku usiyopata nafasi, usigonge. Kimya nakijua, nimekaa nacho, hakinitishi. Ila usinipe sufuri, nduk. Sufuri inanizuia kungoja."

Alilia kidogo. Nami nilimwacha alie, nikashika simu sikioni, kwa sababu kilikuwa kilio chake mwenyewe.

Jumatatu saa kumi na moja ikapita kimya. Nikachuma mboga. Jumanne ikapita. Nilikuwa nimesema kimya hakinitishi, na jioni ile nikaona kwamba nilikuwa najisifu. Jumatano nilisali alasiri, nikapika, nikala mkekani, nikafagia baraza iliyokwisha fagiwa. Adhana ya magharibi ilikuwa inakaribia, na simu ilikuwa mezani kimya kama kijiko.

Saa kumi na moja na dakika arobaini na tatu ikagonga.

Tok. Halafu muda. Tok. Halafu mbili kwa pamoja, kama mtu amesukumwa begani. Mbio akazianza mapema mno, akapotea, akasimama, akarudi nyuma akaanza tena. Ulikuwa mdundo mbovu kabisa. Babu yake angemnyang'anya kijiti. Ukapungua, ukapungua, ukanyamaza, na lile pigo la mwisho halikuja.

Nilisimama nimeinamia meza. Nilihesabu pumzi zangu. Amesahau, nikasema. Ameitwa na mkubwa wake wa kazi.

Tok.

Niligusa kioo. Halafu nikaona haitoshi. Nikatoka barazani, nikachukua kijiti cha Sarpan juu ya boriti, nikagonga njiwa apaa kwenye gogo lenyewe, mimi ambaye sikuwahi kuligonga, mbio zikanishinda pale pale zilipomshinda mjukuu wangu. Batam hawakuweza kusikia. Lakini huko upande wa pili wa ua mlango ulifunguka kwa kishindo.

"Yu Nah!" Temu alipiga kelele. "Kuna nini? Nani kafa? Kasdi, vaa viatu!"

"Hakuna!" nikamjibu. "Salama!"

"Salama ndiyo unaigongea hivyo? Umenitoa roho!"

"Basi irudishe," nikasema, nikagonga pigo la mwisho, lile la peke yake, nikakitundika kijiti mahali pake.